Mbuzi Aliyeliwa Bila Kusemewa

Karatasi yenyewe ilikuwa ya daftari la shule, imekunjwa mara nne. Gérard aliifungua juu ya meza ya mama yake taratibu, akaisawazisha kwa viganja. Katikati alikuwa amechora mstari kwa rula. Kushoto aliandika mazuri ya kuishi Butembo, kulia aliandika mabaya yake. Mabaya yalikuwa kumi na manne. Mazuri yalikuwa matatu: hewa safi, mboga za bei nafuu, parokia iko karibu.

"Soma, Mama," alisema. "Nilifikiri sana. Hapana kukasirika, ni logique tu."

Mwanamke aliyeambiwa asikasirike aliitwa Anne-Marie Kavugho, mjane wa miaka sitini na miwili, muuza maharage. Mtaa mzima ulimwita Mama Gérard, kwa jina la huyo huyo mwanawe aliyekwenda Kinshasa kusoma, akapata kazi ya ofisi, akabaki. Alikuwa amekuja likizo ya wiki mbili kwa ajili ya misa ya mwaka wa tatu tangu baba yake afe. Sasa misa imepita, na kumbe alikuwa na ibada nyingine mfukoni.

Kavugho akavaa miwani akasoma. Matope wakati wa mvua. Vumbi wakati wa kiangazi. Umeme wa kubahatisha. Baridi. Ndege ni ndogo na haziaminiki. Siku za ville morte, za mgomo wa mji mzima, maduka yote yanafungwa. Salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, ya lazima kila wiki. Majirani wanaingia bila kubisha. Hapo akavua miwani.

"Majirani banaingia bila kubisha. Njo mubaya ya muji, hiyo?"

"Mama, ku Kinshasa kila mutu iko na mulango yake."

"Najua. Nilikaa kule kwako miezi mbili. Mama wa nyuma ya ukuta alikufa siku ya kwanza, mulijua siku ya ine, wakati gari ilikuya kumubeba. Mulango yake ilikuwa muzuri sana."

Gérard akacheka kidogo, cheko la mtu anayevumilia wazee. Hilo lilimchoma mama yake kuliko karatasi yenyewe.

Tusidanganyane: Kavugho hakuwa mpenzi wa Butembo. Nyani haoni kundule, lakini Kavugho la mji wake aliliona, na alilisema kila siku kwa sauti. Mvua ikinyesha aliyatukana matope, jua likiwaka aliutukana udongo mwekundu unaoingia hadi ndani ya sufuria iliyofunikwa. Aliwatukana wenye jenereta kwa kelele, na wakubwa wanaokuja kukata utepe mbele ya daraja lililojengwa na wananchi kwa miti yao ya mikaratusi. Lakini hayo matusi yalikuwa yake. Aliyatolea jasho. Huyu mwingine ameshuka kwenye ndege juzi, viatu vyake bado vinang'aa, halafu anachora mstari kwa rula!

Yeye alikuwa amekwisha kupima miji zamani, na hakupima kwa rula. Alizaliwa na kuolewa Mbau. Walikuwa na kakao pale, yeye na mumewe Éliakim, fundi mwashi, na kakao ile ilimsomesha Gérard. Mwaka mapanga yalipoanza walikimbia na godoro moja na mashine ya kushona. Mbau ni ndogo: wauaji wakiingia, hakuna mtu wa kujificha nyuma yake. Wakakaa Beni miaka miwili, katika nyumba ya kupanga, wakihesabu milio ya risasi kutoka upande wa Oicha na kujifunza kutambua ipi ni ya nani. Ndipo wakapanda hadi Butembo, penye baridi na milima, wakanunua kiwanja mteremkoni.

Wiki ya kwanza hawakumjua mtu. Jumanne jioni jirani aliingia, bila kubisha, na kopo la maharage. Nyuma yake mwingine na kuni. Wa tatu alileta sufuria, akaikalia mwenyewe kwa kuwa viti havikuwapo, akaanza kuuliza maswali yasiyomhusu. Walipomaliza wiki, Kavugho alikuwa na akiba ya mwezi mzima, na mtaa ulikuwa na habari zake zote. Butembo ni kubwa kiasi cha kumficha mtu, na ni ndogo kiasi cha kumwona. Kwa mtu aliyetoka alikotoka yeye, hiyo ni sababu ya kutosha, na wenye rula waandike wanavyotaka.

Halafu kulikuwa na maji. Chini ya kiwanja chao, bondeni, palikuwa na chemchemi, lakini ili kuifikia watu walizunguka kilima nusu saa na bidoni za maji kichwani. Éliakim na jirani yao Ananie, mwashi mwenziwe, waliamua kuitengeneza. Kila siku ya salongo mtaa ulibeba mawe na mchanga. Saruji ilitoka mifukoni mwa watu. Ikajengwa, mabomba mawili yakatoka, na Éliakim akafungua njia katikati ya migomba yake, hatua mbili upana, kutoka barabarani hadi bondeni. "Hii njia iko ya batu," alisema, na hakuna aliyedai karatasi. Nyumba sitini zikaanza kunywa kupitia kiwanja chake. Ofisi zote za mji huu, pamoja na mihuri yake, hazikuleta hata kijiko cha saruji. Kazi ilipokwisha, ofisi moja ilituma kijana mwenye kitabu cha risiti aje kutoza kodi ya maji. Wanawake walimrudisha barabarani na bidoni zao, na kitabu chake kililowa.

Basi siku ya pili baada ya ile karatasi, Jumatano asubuhi, Kavugho alikuwa anachambua maharage kibarazani alipoona mtu anapigilia vigingi katikati ya ile njia. Alikuwa Salomon, fundi anayemfanyia kazi Lusenge, mfanyabiashara mwenye duka la vipuri vya pikipiki mjini. Kamba nyeupe ilikwisha kuvutwa kutoka mgomba hadi mgomba. Wanawake watatu walikuwa wamesimama na bidoni zao, hawajui wapite wapi.

"Salomon, uko nafanya nini?"

"Mama Gérard, patron alisema tupime. Ukuta itapita hapa."

"Ukuta ya nani?"

Salomon aliinamisha kichwa. "Ya patron, Mama. Si mulisha kula mbuzi yake?"

Hapo inabidi mbuzi aelezwe. Ijumaa iliyopita, kesho yake ikiwa misa ya Éliakim, Salomon alileta mbuzi dume mweusi, mnene, kutoka kwa Lusenge. Gérard alimpokea langoni. Kavugho alimshukuru Mungu na Lusenge kwa mpangilio huo huo, maana msiba huletewa mbuzi, na tajiri anayemkumbuka fundi aliyemjengea duka ni mtu wa heshima. Mbuzi akachinjwa. Mtaa mzima ukala, wenye bidoni wote wa nyumba sitini, na Ananie akarudia sahani.

Lakini katika milima ile mbuzi anafungua mambo mengine pia. Anayetaka ardhi haanzi na pesa, anatanguliza mbuzi. Mwenye ardhi akimchinja na kumla pamoja na majirani, neno limefungwa, na pesa zinafuata baadaye kama mkia. Mjini watu wana karatasi na mihuri, lakini mtu mwerevu kama Lusenge hutumia vyote viwili: karatasi kwa ajili ya ofisi, na mbuzi kwa ajili ya midomo ya watu.

Kavugho alielewa akiwa amesimama, na damu ikampanda. Aling'oa kigingi cha kwanza kwa mikono miwili. Akang'oa cha pili. Salomon hakuthubutu kumgusa.

"Gérard! Toka!"

Gérard alitoka na mswaki mdomoni.

"Mama, nilikuwa nataka kukuambia pole pole."

"Pole pole! Manyumba sitini banakunywa maji hapa, na weye uliuzisha njia yao pole pole, tena ukibalisha nyama!"

"Mais Mama, sikiliza. Kuko maji mingine kule ku barabara kubwa. Lusenge anatoa bei ya muzuri. Tutakutafutia nyumba ndogo ku Kinshasa, karibu na miye, juu mu étage. Kuko ascenseur."

"Ascenseur njo nini?"

"Kitu inapandisha batu juu."

"Mungu njo atanipandisha juu. Hapana weye."

Wanawake wa bidoni walicheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu kamba bado ilikuwa pale. Kiwanja kilikuwa kimeandikwa kwa jina la Éliakim, na Éliakim hayupo. Gérard ndiye mtoto wake pekee. Kama chefu wa mtaa angekubali kwamba neno limefungwa, ukuta ungejengwa, na Kavugho angekuwa mwanamke aliyewalisha majirani zake mbuzi ili awanyang'anye maji. Angeishi vipi hapo? Angeondoka vipi?

Alhamisi walikutana uani kwa chefu, kwenye mabenchi. Chefu alikuwa mtu wa makamo, mzaliwa wa Vuhovi, kijijini milimani, mwenye kofia ya sufu asiyoivua. Lusenge alikuja amevaa koti, akasalimia kila mtu kwa mkono. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Watu wa aina hiyo ndio wa kuogopa.

"Mama, mi sikuiba," alisema. "Nilipita mu mulango. Mwana yako alipokea, mulichinja, mulikula. Hata Papa Ananie alikula."

Macho yote yakamgeukia Ananie, mzee mrefu mwenye mikono iliyokauka kwa saruji. Aliangalia viatu vyake.

"Nilikula," alisema. "Mara mbili. Nilizania nakula mbuzi ya kilio ya rafiki yangu."

"Mbuzi haina jina mu tumbo," alisema Lusenge kwa upole, na watu kadhaa walinung'unika.

Chefu akakuna shingo. Alisema jambo lilivyo: mbuzi akisha kuliwa, neno limefungwa, mrithi amekubali, hati ni ya marehemu. Gérard akaona mlango umefunguka. Akatoa karatasi yake, akaisoma mbele ya kila mtu, matope, vumbi, baridi, ndege, akieleza kila jambo kwa Kifaransa na kurudia kwa Kiswahili. Alipofika kwenye majirani wasiobisha, majirani walikuwa mbele yake kwenye mabenchi, wanamtazama. Akapunguza sauti lakini akamaliza. Alisema anampenda mama yake, hataki azeekee mahali pa shida. Na hilo lilikuwa kweli, ndilo lililozidi kumuudhi Kavugho: mtoto anakuvunjia nyumba kwa upendo, utampiga na nini?

Akasimama.

"Chefu, mwana wangu anajua kuandika. Yote ile alisoma, njo vile. Matope iko. Courant haiko. Na ile kumi na ine, iko inakosa zingine, ningemuambia mi mwenyewe kama aliniuliza: daraja ya kule chini imeoza, na watu ya kodi banakuya tu siku tunapata kitu. Lakini hapana yeye njo atakaa hapa. Anapima sahani yenye hatakula. Beni nilikaa, nililala na viatu. Mbau nilizaliwa, kakao yangu iko inaoza kule na benye kuivuna banakufa. Kinshasa niliona. Hapa njo nilikuta watu. Basi. Sasa niulize Salomon kitu moja."

Salomon, aliyekuwa nyuma ya bosi wake, alishtuka.

"Siku ulileta mbuzi, ulisema nini?"

"Nilisema, patron anasalimia."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya Gérard. Ku mulango."

"Ulitaja udongo? Ulisema kutoka mugomba gani mpaka wapi? Ulisema mbele ya majirani, na mbuzi imesimama, wasikie?"

Salomon alimtazama Lusenge, kisha chefu. "Hapana, Mama."

Kavugho akamgeukia chefu. "Weye ni mutoto ya Vuhovi. Kwenu, mbuzi ya shamba inaliwa bubu?"

Kila mzee pale alijua jibu. Mbuzi wa ardhi husemewa. Anayemleta husimama naye mbele ya watu, akataja ardhi na mipaka yake, ili mwenye kukataa akatae kabla kisu hakijagusa shingo. Lusenge alijua pia. Alijua sana, ndiyo maana alichagua mkesha wa misa, ili mbuzi wake ajifiche ndani ya kilio cha mtu. Hasira ya watu ikabadilisha upande. Mama mmoja alisema kwa sauti kwamba kama ni hivyo basi amelishwa sumu. Ananie aliinua macho kutoka kwenye viatu.

Chefu aliivua kofia. Watu hawakuwa wamewahi kukiona kichwa chake.

"Mbuzi yenye haikusemewa, haifungi mutu," alisema. "Lakini ililiwa. Donc itarudishwa, dume kwa dume. Mwenye kuipokea njo atairudisha."

"Hakuna shida, Chefu," alisema Gérard haraka. "Nitatuma makuta, bei ya mbuzi, na téléphone, sasa hivi."

"Hapana. Mbuzi ilikuya na miguu. Itarudi na miguu, muchana, mu barabara, batu benye baliikula baione ikipita."

Lusenge alijaribu kusema kwamba hana haja ya mbuzi. Watu walikuwa wameanza kuinuka. Alifunga koti lake na kuondoka, safari hii bila kumpa mtu mkono.

Ijumaa mvua ilinyesha tangu alfajiri. Gérard alinunua mbuzi sokoni na kuanza kumvuta kuelekea mjini katika matope yale yale aliyoyaandika ya kwanza. Mbuzi alikuwa na kichwa kigumu. Alilala njiani mara mbili. Waendesha pikipiki walipunguza mwendo wamuulize kama anapeleka mahari, na kama mke mwenyewe ni mzuri. Kila baada ya hatua mia mtu alisimama kumuuliza yeye ni mwana wa nani, na aliposema wa Éliakim mwashi, walimwambia Éliakim aliwajengea nini: huyu jiko, yule ngazi, yule choo cha shule. Mama mmoja muuza kabichi alimpa majani ya kumvutia mbuzi na akakataa kulipwa. Saa kumi alirudi, matope hadi magotini, kiatu kimoja kimefunguka soli.

Mama yake alikuwa ameandaa bugali na sombe, kisamvu cha kwao. Mtu akiangalia uso wake angedhani mambo yameisha, kwa sababu alicheka alipoona kile kiatu. Hayakuwa yameisha. Alimpa maji ya kunawa, akakaa mbele yake, mikono juu ya meza.

"Nilirudisha," alisema Gérard. "Pardon, Mama. Tumalize."

"Bado. Nakuuliza. Nani alichimba kaburi ya papa yako?"

Gérard aliacha tonge hewani. Miaka mitatu iliyopita alikosa ndege ya kwanza, ya pili ikaahirishwa, akafika siku ya nne. Alipeleka ua kaburini, akalia sana, akapiga picha. Hakuwahi kujiuliza swali hilo.

"Sijui, Mama."

"Ananie alichimba. Na bwana ya yule mama mwenye alisema alilishwa sumu. Na Salomon, huyu ulipatana na bosi yake: alichimba mu mvua, usiku alirudi kwake na homa. Mbao ya sanduku ilitoka kwa Chefu, alibomoa kitanda ya wageni. Ile maji tulimuosha papa yako, bamama balipandisha na ile njia, bidoni kwa bidoni, na hakuna mutu aliniuliza kitu. Hao njo batu uliwalisha mbuzi."

Gérard alirudisha tonge kwenye sahani. Kavugho alitamani kuishia hapo, lakini hasira ilikuwa bado ina mguu mmoja ndani.

"Weye ulikosa kumuzika papa yako sababu ya ndege. Sikukasirika, ndege ni ndege. Lakini siku yangu itafika, na weye utakuwa kule, mu étage, unatafuta billet ya ndege. Usinikoseshe batu ya kunizika."

Alisukuma bakuli la sombe mbele yake. "Kula, inapoa," alisema, na Gérard akala.